Mwaka Nilioiamini Sindano

Zuhura alinipigia simu Jumapili moja nilipokuwa nimetoka kanisani, bado sijavua viatu. Sikuitambua sauti yake. "Mama Numbi, ni miye Zuhura, mutoto wa Mauridi wa Alunguli," akasema, na kabla sijauliza habari za nyumbani akaniambia kwamba baba yake alikuwa amezikwa Ijumaa. Nikakaa kitandani. Tulilia kidogo, yeye Kindu na mimi Lubumbashi, halafu akaniuliza jambo. Siku ya kilio mzee mmoja mstaafu wa reli alikuwa amesimama akasema mbele ya watu kwamba marehemu aliwahi kufungwa bure na hakumchukia mtu. Watoto wote saba walitazamana. "Baba hakutuambia hata siku moja," Zuhura akasema. "Mama naye alishakufa. Tumuulize nani? Ule muzee anasema weye njo unajua." Nilimjibu kwamba ndiyo, ninajua. Sikumwambia kwenye simu kwamba saini iliyomfunga baba yake ilikuwa yangu. Neno kama hilo halisemwi huku mtandao unakatika kila dakika. Kwa hiyo ninaandika.

Nilifika Kindu nikiwa na miaka ishirini na miwili, na diploma ya elektroniki ndani ya bahasha, na jina moja tu, kwa sababu majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali miaka michache nyuma. Kwa mama yangu niliendelea kuwa Rose. Katika makaratasi ya reli nilikuwa Sitwayeni Numbi, yaani raia Numbi, kama tulivyoitwa wote. Walinipangia atelie ya mawasiliano, chumba kirefu cha matofali nyuma ya stesheni, kilichonuka risasi ya kulehemu na pombe kali ya kusafishia. Mkuu wa atelie alikuwa Papa Kanyinda, Mkasai aliyeishi Kindu tangu ujana wake, mtu mrefu, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi wa shaba. Wengine waliniuliza mwanamke amekuja kufanya nini pale. Yeye hakuuliza. Aliniwekea mbele redio mbovu na chuma cha kulehemu, akaenda kunywa chai, na aliporudi akakuta redio inaimba. "Bon," akasema. "Koti yako utatundika pale kwa musumari." Tangu siku ile nilipanga katika kijumba cha nyuma ya uwanja wake, na nikawa ninakula mezani kwake: nshima ya mke wake, Mama Ngalula, na matamba, majani ya muhogo, yaliyotwangwa mpaka yakalainika, na makayabu, samaki wa chumvi, siku ambazo treni ya kutoka kusini ilikuwa imeleta kitu.

Wakati ule kila stesheni kati ya Kindu na Kongolo ilikuwa na foni, yaani redio ya kuzungumzia, na ndani ya foni mlikuwa na lampu: chupa za kioo, nyingine ndogo kama kidole, nyingine kubwa kama ngumi, zinazowaka rangi ya chungwa na kuchoka polepole. Njia ya reli ilikuwa moja. Foni ya stesheni ikinyamaza, hakuna aliyejua kama kuna treni inakuja kutoka upande wa pili, na dereva mwenye akili alisubiri, hata siku mbili. Kazi yetu ilikuwa kuzisemesha foni hizo. Na ili ujue foni inaumwa wapi, unahitaji vyombo vya kupimia. Tulikuwa navyo vinne, vimepangwa kwenye meza ya ukutani, vyote vikongwe kuliko mimi, vimeachwa na Wabeleji: osiloskopu yenye kioo cha duara cha kijani, jenereta ya mawimbi, voltimeta, na lampometa, ambayo kazi yake ilikuwa kupima lampu.

Sijaona tena mtu aliyetunza vyombo kama Papa Kanyinda. Majira ya mvua aliweka ndani ya kila kimoja ampuli ndogo inayowaka mchana na usiku, ili joto lake lifukuze unyevu wa mto. Alisafisha vitufe kwa manyoya ya kuku yaliyochovywa katika pombe. Mende walipenda nta iliyopakwa kwenye nyaya, na aliwawinda kwa taa ya mkono kama mtu anayewinda panya ghalani. Kila miezi sita alipima kila chombo, akabandika ubavuni karatasi ndogo yenye tarehe na saini yake, saini nzuri ya shule ya mission. "Mutoto wangu," aliniambia wiki ya kwanza, "daktari akiwa na homa, atawasikia wagonjwa wote na homa. Kwanza umutibu daktari." Nilipenda maneno hayo hata nikayaandika kwenye jalada la daftari langu. Lampometa ndiyo niliyoitumia kuliko vyote. Unachomeka lampu kwenye tundu, unazungusha kitufe mpaka sindano iliyo nyuma ya kioo ifike kwenye mstari mweusi, maana yake umeme wa mji, ambao Kindu haukutulia hata siku moja, umesawazishwa, kisha unabonyeza. Sindano ikiruka mpaka kwenye kijani, lampu ni nzima. Ikibaki kwenye nyekundu, unaichora msalaba wa rangi na kuitia kwenye sanduku la mbovu.

Lampu mpya tulizichukua magazini, yaani ghala la vipuri, na magazini alikuwepo Mauridi. Alikuwa na miaka kama thelathini, mtu wa familia iliyohamia Alunguli, ng'ambo ya mto, kutoka Tunda. Kila asubuhi alivuka kwa mtumbwi akiwa amevaa shati jeupe lisilo na tone la maji. Dirishani pake palikuwa na kibao, kitabu cha saini, na karibu kila siku mkate wa mchele wa mke wake, Fatuma, umefungwa katika jani. "Dada wa umeme," aliniita, "kula kwanza, halafu utaniambia leo unataka kuniibia nini." Mimi mgeni, mwanamke peke yangu katika karakana nzima, na mzaha ule ulinitosha mpaka jioni. Zuhura, baba yako alikuwa anajua mahali ilipo kila skrubu mle ndani, akiwa amefumba macho. Nimemwona akifanya hivyo, kwa kuniringia tu.

Mvua za mwaka ule zilianza mapema, na lampu kubwa zikaanza kufa. Ndivyo tulivyoamini. Nilikwenda stesheni baada ya stesheni, nikachomoa lampu za foni na kuzileta kuzipima, na zile kubwa, moja baada ya nyingine, sindano ilikataa kutoka kwenye nyekundu. Nilizichora msalaba. Nikaenda magazini kuchukua mpya, nikazipima kabla ya kuzipeleka, kama nilivyofundishwa, na mpya nazo zikabaki kwenye nyekundu. Niliita Papa Kanyinda. Alichukua voltimeta, akafungua lampometa, akapima volti zake zote. Kila kitu kilikuwa sawasawa. "Mashine ni nzima," akasema kwa huzuni. "Lampu njo zimekufa." Foni tatu zilikuwa zimenyamaza kwa kukosa lampu, na treni zilisubiri porini. Shefu wa sekta, Sitwayeni Bosenge, mtu wa jimbo la Ekwateri aliyezungumza Lingala zaidi ya Kiswahili, alikuwa anapokea kila wiki barua kali kutoka juu. Akataka ripoti. Nikapima lampu zote kubwa za magazini, thelathini na sita, kila moja mara tatu, nikaandika jedwali safi, na mbele ya kila namba nikaandika: mbovu. Gundi ya maboksi yake ilikuwa imeachia kwa unyevu, kama gundi zote za Kindu. Katika ripoti niliandika hivyo pia: maboksi yamefunguka. Nikatia saini. Nilijivunia mwandiko wangu.

Jumatatu iliyofuata, baada ya bendera kupandishwa na nyimbo za Chama kwisha, Shefu Bosenge hakututawanya. Aliinua karatasi. Niliitambua karatasi yangu. "Lampu mupya za reli, muntu alizigeuza nzee," akasema. "Alikamata muzuri, akatia mubovu ndani ya boksi. Nani iko na ufunguo ya magazini?" Mauridi alisogea mbele mwenyewe. "Ni miye, shefu." "Muntu mwingine iko na ufunguo?" "Hapana, shefu. Ni miye peke yangu." Alijibu upesi, kama mtu anayesaidia. Ni pale askari wawili walipotoka kwenye ukuta ndipo alipoelewa. Hakumtazama shefu. Alinitazama mimi, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie neno alilolianza. Nikatazama viatu vyangu.

Mchana ule Mama Ngalula alipakua chakula na hakuna aliyekula. "Mauridi anaiba?" akauliza. Papa Kanyinda akasema, "Muntu utamujua namna gani?" Akasukuma sahani yake. Nami nikasema, ninakumbuka hata sauti yangu ilivyokuwa, ya kujihesabia haki: "Nilipima mara tatu, Mama." Sasa nimekuwa mzee kuliko Papa Kanyinda wa siku ile, na nikiwaona vijana wanavyoamini namba kwenye vioo vya mashine zao, siwacheki. Kuna utulivu fulani katika sindano. Haina kabila, haiombi, haina uso. Mimi nilikuwa nimetoka katika mji ambako neno la mtu lilitegemea anatoka wapi na anamjua nani, na hapa nilikuwa nimekuta kitu kinachosema ukweli kwa kila mtu sawasawa. Kumbe nilikuwa nimechoka kupima watu, nikafurahi kupata kitu cha kunipimia.

Wiki ya tatu ya kifungo chake mama yake Mauridi alikufa. Karakana ilituma watu kilioni, nami nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Tulivuka mto asubuhi. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka, na Fatuma alikuwa anapita katikati yao na sinia, wewe Zuhura ukiwa mgongoni mwake, umelala kichwa kimeanguka upande. Aliponiona alisimama. Nilijua kwamba anajua. "Karibu, dada wa umeme," akasema. "Mauridi alikuwa anasema jina yako hapa kila siku." Akaniwekea sahani ya wali na samaki. Nikasema nimeshiba. "Kula," akasema, bila ukali. "Mama alikuwa anakataa mugeni atoke hapa na njaa." Nikala. Nyuma yangu wazee wawili walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini. "Waliomba wamuache saa mbili tu, amuzike mama yake. Walikataa." "Nani alisema ni mwizi?" "Mashine." "Mashine gani?" "Ile ya reli. Iko na sindano. Ukiisimamisha mbele ya mambo, inaonyesha mwizi." Mzee mwingine akasema: "Basi hiyo mashine inamujua Mungu." Sikucheka, wala sikugeuka kuwasahihisha. Nilimaliza wali wote, punje kwa punje.

Baada ya majuma mawili nilitumwa kwenye kituo kidogo upande wa Kibombo, kurekebisha betri. Foni ya pale ilikuwa moja ya zile tatu zilizonyamaza. Lampu zake kubwa nilizichomoa mimi mwenyewe. Nilipokaribia nikasikia mtu anaongea. Niliingia nikamkuta Bwana Amisi, mwangalizi wa kituo, anazungumza na Kindu, na Kindu inamjibu wazi kama iko chumba cha pili. Aliponiona alishuka kwenye kiti. "Dada, usinifunge na miye," akasema. Nikamwuliza amepata wapi lampu. Akajikuna shingo. "Nilikuja Kindu kumuona daktari, nikapita pale kwenu. Mulikuwa na sanduku ya zile munatupa. Nikaokota mbili, ya kupamba nyumba, juu ni kioo muzuri. Nilipofika hapa nikasema, acha nijaribu. Ikasema. Vrema kweli, inasema kuliko zamani." Nilizima foni, nikachomoa lampu kwa kitambaa kwa sababu ilikuwa moto. Kwenye tako lake palikuwa na msalaba mwekundu. Brashi yangu, mkono wangu.

Nilirudi na treni ya mizigo, nimekaa juu ya magunia ya mchele, daftari langu magotini. Nilisoma vipimo vyote vya miezi ile, ukurasa kwa ukurasa, na kabla hatujafika Kindu nikaona kitu ambacho mtoto wa shule angekiona. Lampu ndogo zilikuwa nzima, karibu zote. Zilizokufa zilikuwa kubwa tu, zile zinazokula umeme mwingi. Mwizi gani anachagua hivyo, magazini na stesheni zote? Na kifo gani kinaua kubwa tu?

Lakini nilijua Papa Kanyinda atauliza swali moja: kama lampometa inadanganya, umejuaje kwamba voltimeta haidanganyi? Nayo ilikuwa kikongwe. Nikaenda kuazima betri za tochi, mpya tu. Mama Ngalula alinipa mbili, katekista wa parokia yetu nne, mke wa dereva wa treni akaongeza nyingine nne, muuza duka wa mtaa wa Mikelenge akanifungulia boksi zima kwa sharti nisiziguse na maji. Betri mpya ya tochi haina siri. Volti yake inajulikana na kila mtu. Nilizipanga ishirini kwa mstari, nikazibana kwa mpira wa baiskeli, nikapima. Voltimeta ilisema kweli. Ndipo nikafungua lampometa, nikafanya kama Papa Kanyinda alivyofanya: nikapima volti zake za juu, tundu likiwa tupu. Mia na hamsini, sawasawa kabisa. Kisha nikafanya jambo ambalo hatukulifanya. Nikachomeka lampu kubwa, nikabonyeza, nikapima tena huku inafanya kazi. Volti zikashuka chini ya tisini na kukaa pale. Mle ndani kulikuwa na mnara mdogo wa sahani za chuma, kazi yake kuugeuza umeme wa mji uwe wa aina inayotakiwa na lampu. Ulikuwa umechoka kwa miaka na unyevu. Lampu ndogo uliweza kuilisha. Lampu kubwa ilishinda na njaa, na tulipoiona dhaifu tukaandika kwamba imekufa.

Nilimwambia Papa Kanyinda mezani, mchana. Aliendelea kufinyanga tonge lake. "Hiyo mashine nilipima miye mwenyewe," akasema. "Ulipima bila lampu, Papa." Tonge lilisimama katikati ya njia. Mama Ngalula alitutazama, yeye na mimi, akaondoa bakuli la mboga ingawa bado lilikuwa limejaa. Siku nne mzee hakunisemesha. Katika atelie alikaa amenipa mgongo, akisafisha osiloskopu iliyokuwa safi. Nilimchukia siku zile nne, nikidhani ni kiburi.

Alfajiri ya siku ya tano nilikuwa ninanawa uso nyuma ya kijumba changu, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabanzi. Nilimsikia Mama Ngalula akivunja kuni. "Unaogopa nini, Tatu wa Mbuyi?" aliuliza, yaani baba wa Mbuyi, mtoto wao wa kwanza. "Wakijua mashine ilidanganya, watasema Kanyinda alidanganya," mzee akasema. "Saini ni yangu. Na sisi ni wageni hapa. Weye unakumbuka vile walitufukuza kule tulitoka, kwa siku moja, na vyungu juu ya moto. Nilijenga jina yangu hapa miaka makumi mbili, juu ya kitu moja tu: Kanyinda hakosee." Kuni zikavunjika tena. "Mama ya Mauridi alizikwa na nani?" akauliza mke wake. "Nakuuliza. Alizikwa na nani?" Nikasikia mzee anapenga kamasi. Nikamwaga maji yangu polepole, nikaingia ndani bila kujipangusa.

Asubuhi ile alifika atelie kabla yangu. Alikuwa amevua abakosti yake, koti la kijivu alilolipiga pasi kila jioni, ameitundika juu ya msumari wangu. "Lete batri zako," akasema. Akapima yeye, tundu tupu, kisha lampu ndani. Sindano ikashuka. Akapima tena. Akavua miwani, akakaa. "Miaka makumi mbili," akasema, "ninapima mashine ikipumzika." Nilikuwa na diode mbili za shuleni, vipande vya kisasa vinavyofanya kazi ileile ya mnara, ndogo kama punje za mchele, nimezihifadhi ndani ya kibiriti tangu Lubumbashi. Akang'oa ule mnara wa sahani, akalehemu diode mahali pake. Tukapima lampu thelathini na sita za magazini. Mimi nilibonyeza, yeye akaandika. Thelathini na moja zilikuwa nzima. Zile za kwenye sanduku la mbovu nazo, nyingi zilikuwa nzima. Foni zile tatu tulizinyamazisha sisi wenyewe.

Shefu Bosenge alikuja kuona kwa macho yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa, na mwaka ule kila aliyekuwa na kiti aliogopa. Alitazama sindano ikiruka kwenye kijani mara tano, sita. "Dosie ya Mauridi ilishakwenda zone, kwa wakubwa," akasema. "Nitawaambia nini? Kwa karatasi yao kuna fasi ya kuandika jina ya mwenye kosa. Haiwezi kubaki wazi." "Haitabaki wazi," akasema Papa Kanyinda. Akachukua kalamu. Nikasema kwamba ripoti ilikuwa ya kwangu, saini ilikuwa ya kwangu, waandike Numbi. Alinitazama juu ya miwani. "Weye ulisoma sindano," akasema. "Miye njo nilisema sindano ni ya kweli." Akaandika jina lake lote, kwa ile saini ya shule ya mission, bila haraka, akampa shefu karatasi kwa mikono miwili.

Walimvua ukuu wa atelie. Walimpa kazi ya kutunza taa za ishara za yadi, na miaka miwili iliyobaki kabla ya kustaafu aliifanya huko, akipanda ngazi na kitambaa chake. Saa kumi alikuja kunywa chai kwetu, akiangalia vyombo kutoka mlangoni, hakuvigusa mpaka nimwombe. Siku ya kwanza nilipobandika karatasi yenye saini yangu mwenyewe ubavuni mwa lampometa, alisoma, akauliza: "Ulipima na muzigo?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa.

Mauridi alitoka siku ya arobaini na nane. Nilimpa siku tatu apumzike, nikavuka kwenda Alunguli. Alikuwa amekaa barazani, shati jeupe linamning'inia mwilini. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kuomba msamaha njia nzima, na nilipofika yakapotea. Yeye akasema: "Kaa. Unieleze vile ilifanya." Alitaka kuelewa. Nikamweleza mnara wa sahani, volti, tundu tupu, lampu ndani. Alisikiliza kama alivyosikiliza orodha za mizigo. "Kama mupagazi," akasema mwishoni. "Ukimuangalia mikono mitupu, anasimama sawa. Ukimutwika gunia, magoti inakunjika." "Njo vile," nikasema. "Bon. Weye ulisoma kile uliona. Sina neno juu ya ile." Alitazama mtoni. "Mé lakini, kila siku ulikuja kwa dirisha yangu. Ulikula mukate yangu. Na haukuniuliza." Nikangoja aendelee. "Ungelikuja tu, useme, Mauridi, hii lampu iko namna gani? Ningelikuambia, boksi ni gundi, angalia maboksi yote. Ningelikuonyesha." Sauti yake haikupanda. "Haukuniuliza, dada." Nikalia. Hakuninyamazisha wala hakunifukuza. Fatuma alileta chai ya tangawizi, akaweka kikombe changu karibu na mguu wangu, akarudi ndani. Mauridi alinisindikiza mpaka kwenye mitumbwi.

Alirudi kazini. Miezi iliyobaki ya mwaka ule nilikwenda dirishani pake nilipohitaji kitu, naye alinipa kitu, nikatia saini. Mkate wa mchele haukuwepo tena. Hakuwa mkali, alikuwa tu mwangalizi wa magazini, nami fundi. Nililistahili hilo, na bado liliniuma kila asubuhi. Nilifikiri kuomba uhamisho, hata nikaandika barua, na Mama Ngalula akaikuta juu ya kitanda changu. "Ukikimbia," akaniambia, huku anakunja shuka langu, "ile kintu itabaki vile uliiacha."

Siku moja, mvua za kwanza za mwaka mwingine zikiwa zimeanza kupiga bati, nilikwenda kuchukua risasi ya kulehemu. Hapakuwa na mtu mwingine. Mauridi aliniwekea kitabu. Nilishika kalamu, sikutia saini. "Mauridi," nikasema, "mama yako alikuwa muntu wa namna gani?"

Aliniangalia. Nilidhani atafunga dirisha. Aliangalia mlango, akaangalia mvua, akasukuma pembeni kile kitabu.

"Alikuwa na makelele," akasema, na kona ya mdomo wake ikalegea. "Asubuhi, akianza kuita kuku zake kule Alunguli, miye nikiwa hapa nafungua hii dirisha, nilikuwa namusikia. Watu walisema ni uongo, mto ni mupana. Mé nilikuwa namusikia." Akavuta kiti, akakisogeza upande wangu kupitia mlango wa magazini, akajikalia juu ya sanduku. "Kaa," akasema. "Mvua haiishi leo. Kaa, nikuelezee."